Hedifoni ipi kali kuliko zote? Tulifungue swali kabla ya kupanga

Sennheiser ilipoitoa HD 800 S mwaka 2016, bei yake Marekani ilikuwa dola 1,699. Kwa pesa hizo Dar es Salaam unanunua pikipiki mpya ya bodaboda na hela ya mafuta inabaki. HD 600 ni ya kampuni hiyohiyo, iko sokoni tangu 1997, na kwa kawaida haifiki robo ya bei hiyo. Ninazo zote mbili, na nikitaka kusikiliza muziki wa dansi uliorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam miaka ya 1970, mkono wangu unakwenda kwenye HD 600. Vijana wanaokuja nyumbani hawanielewi. "Anko, sasa ile ya mamilioni ni ya nini?"

Swali la haki kabisa, ila halina jibu la sentensi moja, kwa sababu ndani ya "ipi kali" mna maswali matatu yaliyofungwa furushi moja. La kwanza: hedifoni inagawaje besi, sauti za kati na sauti za juu, na mgawo huo unakubaliana na sikio la nani? La pili: inataka umeme wa namna gani, na wewe unaipa upi? La tatu: umekaa wapi unaposikiliza? Kila moja kati ya hayo linaweza kuipindua orodha nzima. Ndiyo maana wapenzi wa hedifoni wanaweza kubishana hadi alfajiri bila kusikilizana: kila mmoja analijibu swali lake.

Nitazipanga, msiwe na wasiwasi. Makala ya kulinganisha isiyopanga ni njia ya heshima ya kukimbia. Zilizomo kabatini ni sita: HD 600, HD 800 S, Hifiman Sundara, Audeze LCD-X, Beyerdynamic DT 770 Pro ya ohm 250, na Sony WH-1000XM4, ambayo ndiyo pekee isiyo na ulazima wa waya.

Sikio lako nalo limo kwenye hesabu

Mtu akiimba mbele yako, sauti yake haikufikii ndani ya sikio ikiwa vilevile ilivyotoka mdomoni. Sikio la nje na tundu lake huikuza sehemu fulani ya sauti, hasa maeneo ya hezi 3,000, yaani mitetemo 3,000 kwa sekunde. Ubongo umelizoea jambo hilo tangu utotoni, kwa hiyo husikii kuwa kuna kilichoongezwa. Hedifoni inaharibu utaratibu huo. Imekaa juu ya sikio, haipiti mabegani, haizunguki kichwa, haigongi ukuta wa chumba. Ukiitengeneza itoe sauti zote kwa kiwango kimoja, kama wafanyavyo kwa spika nzuri, msikilizaji atalalamika kwamba sauti imefifia na waimbaji wamefunikwa kitambaa. Mhandisi analazimika kuurudisha ule mwinuko kwa mkono wake, na pia aongeze besi kidogo kufidia kifua ambacho hakitikisiki. Aongeze kiasi gani, kuanzia wapi? Hapo ndipo kila kampuni inaposhika njia yake.

Kwa miaka mingi hilo lilikuwa suala la ladha ya fundi mkuu wa kiwanda. Miaka ya 2012 na 2013, Sean Olive na Todd Welti wa kampuni ya Harman walianza kulifanyia utafiti: wasikilizaji waliwekewa aina mbalimbali za sauti bila kujua wanasikia hedifoni ya nani, wakasema ipi wanaipenda. Ukatoka mchoro unaoonyesha mgawo wa sauti uliowaridhisha wengi, na leo hedifoni nyingi zinapimwa dhidi ya mchoro huo. Baadaye walipowagawa wasikilizaji kimakundi, asilimia 64 walikuwa upande wa mchoro, asilimia 15 wakataka besi zaidi, na asilimia 21 wakataka besi ipunguzwe. Nazipenda namba hizi kwa sababu zinawanyamazisha wabishi wa pande zote mbili. Anayesema "ni ladha tu" aeleze kwa nini wengi wamekusanyika sehemu moja. Anayesema "vipimo ndivyo mwisho wa maneno" awaeleze hao zaidi ya theluthi ambao hawamo. Binamu yangu anayeishi kwa singeli yumo kwenye ile asilimia 15, na hakuna karatasi ya vipimo itakayomtoa humo.

Na bei? Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha matokeo ya kupima hedifoni 283 za bei za kila aina. Hakukuta uhusiano wowote kati ya bei na mgawo wa sauti. Isikupeleke kwenye hitimisho kwamba zote ni sawa. Maana yake ni kwamba bei haikuambii chochote kuhusu mgawo huo. Pesa ya ziada unalipia mambo mengine: aina ya kiwambo (kile kinachotetemeka kutoa sauti), uzito na starehe, vipuri, kazi ya mikono, na jina.

Turudi kabatini. HD 600 sifa yake iko kwenye sauti za kati, pale anapoishi mwimbaji, gitaa la solo na saksafoni. Chini kabisa inaanza kupungukiwa nguvu, na mtu wa bongo fleva ya kisasa atalisikia pengo hilo mara moja. Kwenye dansi la zamani pengo halionekani. Noti ya chini kabisa ya gitaa la besi ni hezi 41, lakini sehemu kubwa ya kinachotufanya tuitambue iko mara mbili ya hapo na kwenda juu, na huko HD 600 haina deni.

HD 800 S ni mnyama mwingine. Viwambo vyake vya milimita 56 vimewekwa mbali na sikio na kuinamishwa, ili sauti ikujie kwa pembe badala ya kukugonga moja kwa moja. Matokeo yake ni nafasi. Kwenye taarab iliyorekodiwa vizuri, fidla ziko upande huu, kanuni upande ule, akodioni nyuma kidogo, na unaweza kumfuata mpigaji mmoja peke yake wimbo mzima. Mtangulizi wake, HD 800 ya mwaka 2009, ilikuwa na mchomo mkali kwenye hezi 6,000 hivi. Toleo la S likawekewa kifyonzaji cha kuutuliza. Umetulia, haukuisha. Sasa chukua kanda ya zamani ambayo vyombo vyote vimerundikana katikati na juu yake kuna mchakacho wa utepe. Ile nafasi yote haina cha kupanga, na ule mwanga wa juu unaangaza mchakacho. Hilo ndilo jibu la "Anko, ya nini": ni ya rekodi zinazoistahili.

Sundara na LCD-X zinafanya kazi kwa njia tofauti na hizo mbili. Hedifoni ya kawaida ina koili ya waya iliyogandishwa kwenye kiwambo. Koili inasukumwa na sumaku, nayo inakisukuma kiwambo. Hizi za plana zina utando bapa, mwepesi, wenye njia za umeme zilizochapwa juu yake, na sumaku zimepangwa sambamba nao, kwa hiyo utando unasukumwa karibu wote kwa pamoja. Faida yake kubwa iko kwenye besi: inashuka hadi chini kabisa bila kupungua wala kuvimba. Sundara inaisema besi hiyo kwa ufasaha, ingawa juu ina ukali kidogo. LCD-X, yenye utando wa milimita 106, ina besi ninayoipenda kuliko zote kabatini, lakini maeneo ya hezi 3,000 hadi 4,000 imebonyea, na mwimbaji anasikika amerudi hatua mbili nyuma ya bendi yake. Kwa muziki wetu, ambao mtunzi anataka usikie maneno, hilo si jambo dogo.

DT 770 ni ya kufunika sikio na imefungwa nyuma. Besi imejaa, na kwenye hezi 8,000 hivi kuna mchomo unaozifanya "s" na "sh" zichome. Sony nayo imeongezewa besi kwa makusudi, na ukiitumia bila waya inategemea simu yako: njia yake bora, LDAC, hubeba hadi kilobiti 990 kwa sekunde, wakati CD ni 1,411. Tofauti hiyo wengi hawaisikii, mimi nikiwemo nikiwa ndani ya basi.

Watu wataniuliza habari za Stax ya Japani, waliotoa hedifoni ya umeme tuli tangu mwaka 1960. Sina. Aina hiyo inataka mashine maalumu inayokipa kiwambo volti 580 muda wote, na nyumbani kwangu hata friji linalalamikia umeme.

Simtanki na bomba

Hapa ndipo maneno mengi ya uongo yanapozaliwa. Utasikia: "Hiyo ni ohm 300, ngumu, simu haiiwezi." Ni kweli nusu.

Fikiria simtanki juu ya mnara wake. Volti ni urefu wa mnara, mkondo wa umeme ni maji yanayopita bombani, na ohm ni wembamba wa bomba. Hedifoni ya ohm nyingi inataka mnara mrefu lakini maji machache. Ya ohm chache inaridhika na mnara mfupi, ila inakunywa maji mengi. HD 600 ina ohm 300 na hutoa desibeli 97 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa miliwati moja. Ili kuipata miliwati hiyo unahitaji volti 0.55, na mkondo usiofika miliampea 2. Sundara ina ohm 37 na desibeli 94 kwa miliwati moja, lakini miliwati yake inapatikana kwa volti 0.19 tu, huku ikivuta zaidi ya miliampea 5. Kwa hiyo kwenye simu ileile, sauti ikiwa pale pale, Sundara inapiga juu zaidi kuliko HD 600, japo karatasi inaonyesha namba yake ni ndogo. Anayelinganisha desibeli za makasha mawili bila kuangalia ohm anajidanganya.

Simu au kile kikebo kifupi cha Type-C kikitoa nusu volti, HD 600 itafika desibeli 96 hivi kwenye kilele cha wimbo. Kwa nyimbo za siku hizi, zilizobanwa ziwe na kelele mwanzo hadi mwisho, inatosha. Kwa rekodi ya taarab inayoanza kwa ukimya haitoshi, na amplifaya ndogo ya kawaida inamaliza tatizo. Ugumu wa kweli uko kwingine. Hifiman Susvara ina ohm 60 tu, ila hutoa desibeli 83 kwa miliwati moja. Kuifikisha desibeli 110 kunataka nusu wati. HD 600 inafika hapo kwa miliwati 20. Mara 25!

Kuna jambo jingine la umeme ambalo wauzaji hawalisemi, na ndilo linaloeleza kwa nini hedifoni moja inasikika tofauti kwa watu wawili. Ukinzani wa HD 600 haukai kwenye ohm 300 muda wote; maeneo ya hezi 100 unapanda hadi kuzidi 500. Ukiichomeka kwenye amplifaya ya taa, yaani ya mirija ya kioo, ambayo yenyewe ina ohm 100 ndani yake, kwenye sauti za kati hedifoni inapata robo tatu ya volti, lakini kwenye besi inapata karibu asilimia 85. Hiyo ni desibeli moja ya besi ya ziada. Mwenye amplifaya ya taa atakuambia HD 600 ina joto na unene. Mwenye ya kisasa yenye ohm karibu na sifuri atakuambia ni kavu. Hakuna mwongo. Plana hazina tabia hiyo, ukinzani wake umetulia, ndiyo maana hazibadiliki sana ukizihamisha mashine.

Desibeli moja inaonekana si kitu, lakini ndiyo inayoharibu majaribio mengi ya kulinganisha. Hedifoni mbili zikiwekwa pamoja, moja ikapiga juu kwa desibeli moja tu, msikilizaji hasemi "hii ina sauti kubwa zaidi". Anasema ina uhai, ina besi safi, ina uwazi. Mfano wa dukani ni huohuo: ile iliyochomekwa ya mwisho, muuzaji akagusa sauti kidogo, ndiyo unayoondoka nayo. Kabla sijatoa hukumu yoyote nacheza ule mvumo wa majaribio unaofanana na mvua ya bati, nasawazisha sauti za hedifoni mbili hadi zilingane, ndipo naweka wimbo. Bila hatua hiyo orodha ni ya vitasa vya sauti.

Joto, feni na jirani

Sasa swali la tatu, ambalo wahakiki wa Ulaya wanalipita kwa sababu vyumba vyao vina ukimya na baridi.

Nne kati ya hedifoni zangu ziko wazi nyuma. Uwazi huo ndio unaozipa hewa na nafasi. Wa kwanza kuuza aina hiyo walikuwa Sennheiser wenyewe, kwa HD 414 ya mwaka 1968. Lakini uwazi ni mlango wa pande mbili. Muziki unatoka, na Dar es Salaam inaingia: feni, jenereta la jirani, bajaji, baa ya mtaa wa pili. Feni ndiyo adui mkubwa, kwa sababu mvumo wake umelala kwenye sauti za chini na unameza yale mambo madogo uliyolipia mamilioni kuyasikia. Ukiizima, unatokwa jasho. Februari saa nane mchana HD 800 S ndani ya chumba chenye feni inapoteza karibu kila kinachoitofautisha na hedifoni ya bei ya kawaida.

Ndani ya mwendokasi hata usizijaribu. Kelele ikiwa kubwa mtu huongeza sauti bila kujua, na Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 zisizidi saa 40 kwa wiki. Zikifika 90, ni saa nne tu. Sony ina vipaza sauti vidogo vinavyosikiliza kelele ya nje na kutengeneza sauti ya kinyume chake, na mvumo wa injini unapungua sana. Honi na kondakta havizimiki hivyo. Mbinu hiyo inashinda sauti nzito zinazojirudia, si za ghafla. Hata hivyo inatosha kukufanya usikilize kwa kiwango kisichoua masikio.

Kisha uzito na jasho. LCD-X ina gramu 612. HD 600 ina 260. Kwa msimu wa kipupwe, Juni na Julai usiku, LCD-X inavumilika. Miezi mingine ngozi yake inanatana na shavu kabla albamu haijafika nusu. Mito ya ngozi bandia katika unyevu wa pwani huanza kubanduka vipande vyeusi vinavyobaki masikioni. Ya mahameli, kama ya HD 600 na DT 770, inafyonza jasho na inaoshwa. Kwa aliye karibu na bahari, Msasani au Kigamboni, chumvi ya hewani nayo inakula pini na jeki, kwa hiyo waya unaochomoka na kubadilishwa ni jambo la maana kuliko rangi ya kasha. HD 600 inafunguka kipande kwa kipande na kila kipande kinauzwa. DT 770 yangu mito yake inabadilishwa kirahisi, lakini waya umezaliwa nayo. Ukikatika, ni kwa fundi mwenye pasi ya kulehemu na mkono uliotulia.

Orodha yangu, basi, usiku, nyumbani Sinza, kwa amplifaya ileile na sauti zilizosawazishwa. Ya kwanza ni HD 600. Ya pili Sundara, na pengo kati yao ni dogo: wimbo ukiwa umerekodiwa miaka hii zinabadilishana nafasi. Ya tatu HD 800 S, na najua hapo wengi watashika vichwa. Ingekuwa ya kwanza kama rekodi zangu nyingi zingekuwa za orkestra na chumba changu kingekuwa kimya. Ya nne LCD-X, kwa sababu ya ule mbonyeo na shingo yangu. DT 770 ya tano. Sony ni ya sita kwa sauti, na ya kwanza kwa mbali ukishavuka kizingiti cha mlango.

Ikwalaiza, ile ya kupandisha au kushusha sehemu moja ya sauti, inaivuruga orodha hiyo, na sioni haya kuitumia. Nikiipandisha LCD-X desibeli nne kwenye hezi 3,500, mwimbaji anarudi mbele na hedifoni inapanda hadi nafasi ya pili. DT 770 nikiishusha tano kwenye 8,000, inakuwa ya kukaa nayo jioni nzima. HD 600 ndiyo isiyosaidika sana: ukiilazimisha besi ya chini kabisa, kiwambo kinaanza kukoroma kabla hujaridhika. Sundara haina shida hiyo. Binamu yangu huwa anaiongezea desibeli sita chini ya hezi 100, na kwanza anaishusha sauti yote kwa sita ili isipasuke, kisha anafungulia singeli. Kwenye orodha yake Sundara ni ya kwanza, na HD 600 ni ya mwisho, chini ya Sony.